Wana wa mbuzi na kondoo wanaozaliwa katika masika: tuwaokoe vipi usiku wa kwanza?

Mama Zizi (Sengerema)

Habari za majukumu, ndugu wafugaji. Familia yetu inafuga mbuzi na kondoo wa kienyeji katika kijiji kilicho karibu na ziwa, upande wa Sengerema, na zizi tunalitunza mimi, mume wangu, mama mkwe, na watoto wanapokuwa likizo. Majike wetu wengi huzaa kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, yaani katika siku zile ambazo masika yamekolea, na karibu kila mwaka tunapoteza baadhi ya wana kabla hawajafikisha siku ya tatu.

Hali huwa ni ileile. Jike huzaa usiku wa manane au alfajiri, na tunapofungua zizi asubuhi tunamkuta mwana amelala peke yake pembeni, manyoya yamegandamana, kichwa amekigeuzia ubavuni, na ukimtia kidole kinywani unahisi ubaridi wala hajaribu kukinyonya. Pacha mwenzake anaweza kuwa amesimama na ananyonya bila shida yoyote. Huyu mnyonge tukimpeleka jikoni karibu na moto, mara nyingi huchangamka kidogo, tunafurahi, tunampa maziwa kwa kijiko, kisha jioni anakufa. Majirani wengine wanasema ni baridi, wengine wanasema ni ugonjwa wa mapafu.

Zizi letu ni la miti na miiba, nusu yake imeezekwa kwa nyasi, na sakafu ni udongo mtupu, hivyo mvua ikinyesha maji ya kutoka juu hupita ndani. Mume wangu anataka tukusanye fedha tununue mabati tuezeke zizi lote. Mama mkwe anaamini kwamba tatizo ni majike kukosa maziwa, na anasema zamani wana walilazwa ndani ya nyumba pamoja na watu. Naomba mnifahamishe kinachowaua wana hawa ni nini hasa, tuanze na lipi kwa fedha kidogo tulizo nazo, na kama inawezekana kuyahamisha majira ya kuzaa yasiangukie masika.

Afisa Mifugo Mstaafu (Misungwi)

Mama Zizi, kinywa cha baridi, manyoya yaliyogandamana na kichwa kilichogeuzwa ubavuni ni dalili za mwana aliyepoa kwa sababu hakunyonya, na ninaandika kwa kirefu kwa kuwa jambo hili linazuilika na bado linamaliza wana wengi katika mazizi yetu ya Kanda ya Ziwa.

Mwana hutoka tumboni, mahali penye joto la nyuzi 39, akiwa amelowa chapachapa. Usiku wa masika huku kwetu hauna baridi ya Makete au Njombe, lakini nyuzi 17 au 18 zikichanganyika na upepo na ngozi iliyolowa zinatosha kumpokonya mwana wa kilo mbili joto lake lote. Anachokuja nacho duniani ni akiba ndogo ya mafuta maalumu, mengi yakiwa yamezunguka figo, ambayo mwili huyachoma ili kutoa joto. Akiba hiyo huisha ndani ya saa chache, na kwa aliyelowa huisha mapema zaidi. Baada ya hapo joto lake linategemea maziwa peke yake. Asiponyonya anapoa, akipoa anakosa nguvu za kusimama na kuitafuta chuchu, na pacha mwenye nguvu anaendelea kunyonya sehemu ya wote wawili. Kwa hiyo wanaosema ni baridi na mama mkwe wako anayesema ni maziwa wanaizungumzia njia moja iliyoonwa kutoka pande mbili.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Kwa binadamu, kinga nyingi za mama humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma akiwa bado tumboni. Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe hazipiti huko, bali zote zimo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya jike aliyezaa, na utumbo wa mwana huzipokea vizuri katika saa sita za mwanzo, kisha uwezo huo hupungua hadi kwisha kabisa ndani ya siku moja. Mwana aliyechelewa kunyonya anaweza kupona baridi ya usiku ule na bado akafa wiki ya pili kwa kuhara, kwa uvimbe wa viungo au kwa homa ya mapafu, na mwenye zizi akadhani ni msiba mwingine usiohusiana na ule wa kwanza.

Sasa niende kwenye kazi yenyewe. Jike akizaa, futa ute puani na kinywani mwa mwana, kisha mwachie mama amlambe, kwa sababu ulimi wake humkausha mwana, huamsha damu na humfanya mama aijue harufu ya mwanawe. Jike akiwa amechoka au mvua inanyesha, msaidie kwa kumsugua mwana kwa gunia kavu au konzi ya nyasi kavu, ukiwa palepale mbele ya mama badala ya kumpeleka mbali. Chovya kitovu katika iodini. Kisha shika kila chuchu na uikamue mara mbili tatu, maana tundu lake huzibwa na kizibo kidogo kama nta ambacho mwana dhaifu hawezi kukitoa. Hakikisha mwana amenyonya ndani ya saa moja au mbili. Namna rahisi ya kujua ni kumpapasa tumbo: aliyeshiba tumbo lake limejaa nyuma ya mbavu, na mwenye njaa tumbo limebonyea na ngozi imelegea.

Asiyeweza kunyonya mkamulie mama yake na umpe kwa chupa, mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja, na katika saa 24 za kwanza afikishe takriban mililita 200 kwa kila kilo. Mwana wa kilo mbili atapata mililita 100 kwa mlo na 400 kwa siku nzima. Kama mama yake hana kitu, tumia dang'a ya jike mwingine aliyezaa siku hiyo, na ikikosekana kabisa dang'a ya ng'ombe wa jirani inasaidia. Mwenye jokofu anaweza kuigandisha katika chupa ndogo na kuitunza kwa miezi mingi. Wakati wa kuiyeyusha, tumbukiza chupa katika maji ya uvuguvugu wala usiichemshe, kwa sababu moto huharibu kinga zilizomo.

Sasa kuhusu yule anayechangamka jikoni kisha akafa jioni. Nunua kipima joto cha kawaida katika duka la dawa, ukiweke kwa upole njia ya haja kubwa. Mwana mzima husoma nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe, mpe dang'a, mtoe kwenye upepo, na baada ya muda mpime tena. Akiwa chini ya 37, la kufanya linategemea umri wake. Aliyezaliwa muda mfupi, chini ya saa tano, bado ana akiba kidogo, hivyo mkaushe na umpashe joto kwanza, na akishaweza kuinua kichwa na kumeza ndipo umlishe. Aliyezidi saa tano na hawezi kuinua kichwa amemaliza sukari yote mwilini, na ukimpasha joto kabla hajapata sukari mwili unaamka na kudai chakula ambacho hakipo, anapatwa na degedege na kufa. Mwana wa namna hiyo huhitaji kuchomwa sindano ya glukosi tumboni kabla ya kupashwa joto, na kazi hiyo ifanywe na mtaalamu wa mifugo au mtu aliyefundishwa naye kwa vitendo.

Na tafadhali sana, mwana asiyeweza kumeza asimiminiwe maziwa kwa kijiko. Maziwa huteremkia kwenye mapafu, na huenda hapo ndipo majirani wanapopata habari ya ugonjwa wa mapafu. Ukimtia kidole kinywani naye hakinyonyi, hayuko tayari kwa maziwa ya kumiminiwa.

Kwa kupasha joto, tumia boksi lenye nyasi kavu na dumu la lita tano lenye maji ya moto lililofungwa kwa kanga au blanketi, ili mwana asiungue. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba au banda lililofungwa, kwa usalama wa wanyama na wa watu.

Kuhusu fedha zenu kidogo, ningeanza na tumbo la jike kabla ya mabati. Mimba huchukua takriban siku 150, na karibu asilimia 70 ya uzito wa mwana huongezeka katika wiki sita za mwisho, wakati uleule ambao kiwele kinaandaa dang'a. Jike aliyekonda huzaa mwana mdogo asiye na akiba, hutoa maziwa kidogo, na wakati mwingine humwacha mwanawe na kwenda kutafuta malisho. Sisi tuko katika nchi ya pamba, mashudu yanapatikana. Robo kilo ya mashudu na pumba kwa jike kila siku katika wiki hizo, pamoja na marando ya viazi, majani ya mlusina, jiwe la chumvi na maji safi, italeta tofauti utakayoiona kwenye uzito wa wana.

Mbuzi wa Kichanja (Ukerewe)

Naongezea kuhusu zizi tu. Huku kisiwani ardhi ni finyu, hivyo wengi wetu tumezoea mabanda ya kichanja, yaani sakafu ya mbao au fito iliyoinuliwa kutoka ardhini ili kinyesi na mkojo vidondoke chini. Kwa mbuzi wakubwa banda hilo ni zuri sana wakati wa mvua, lakini kwa mwana wa siku moja upepo unaopita chini ya fito humpoza kutoka tumboni, na nafasi kati ya fito inaweza kunasa mguu wake. Kwa hiyo sehemu ya kuzalia tunaitandika magunia na nyasi kavu nyingi, tunaziba pande za chini kwa makuti au mabua, na nyasi zilizolowa tunazibadilisha kila siku.

Kwako Mama Zizi, kabla ya kununua bati hata moja, chimbeni mfereji upande wa juu wa zizi ili maji yapite pembeni, kisha inueni kona moja kwa kifusi cha mchanga na mawe, muiezeke vizuri na kuikinga upande unaotoka upepo. Kona hiyo igawanywe vyumba vidogo vya kutosha jike na wanawe. Majike wote hawazai usiku mmoja, kwa hiyo hamhitaji paa la zizi zima. Na kama mna nafasi ya kuchagua, zizi likae kwenye mwinuko wa kichanga. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji, na kwato zinaoza.

Muuguzi na Mfugaji (Ilemela)

Ninaomba jambo moja lisisahaulike. Wanaosaidia uzazi wa mifugo wavae glavu, na wanawake wajawazito wasishiriki kabisa kazi hiyo wala kugusa kondo la nyuma, kwa kuwa baadhi ya magonjwa yanayofanya mbuzi na kondoo watupe mimba, brusela ikiwamo, humwingia binadamu kupitia maji ya uzazi, kondo la nyuma na maziwa yasiyochemshwa. Kondo na kijusi kilichotupwa vichomwe au vifukiwe shimo refu, mbwa wasipewe. Majike kadhaa wakitupa mimba katika kipindi kimoja, mjulisheni afisa mifugo wa kata mapema ili sampuli zipelekwe maabara ya veterinari, kwani katika mvua nyingi na mbu wengi hata homa ya Bonde la Ufa inawezekana. Watoto wanaokuja likizo nao waoneshwe namna ya kunawa kwa sabuni kabla ya kula.

Mchungaji wa Mbali (Wales)

Mimi ni mzaliwa wa Magu, na kwa sasa nafanya kazi katika shamba la kondoo la familia moja huko Wales, Uingereza. Nimeona niandike kwa sababu huku kuzaa hutokea katikati ya baridi ambayo huko nyumbani hatuijui, na bado mwana wa kondoo aliyekauka na kushiba hulala vizuri katika banda lisilo na moto wowote, nje barafu ikiwa imetanda. Mashamba ya mabondeni huzalisha ndani ya mabanda kuanzia Januari hadi Machi, na yale ya milimani husubiri Aprili, nyasi zinapoanza kuota, ndipo kondoo wazae nje. Kinachoogopwa zaidi na wakulima wa milimani ni mvua yenye upepo, kuliko usiku mkavu wenye barafu. Kwa hiyo Mama Zizi asione kwamba nyuzi 18 za Sengerema ni kidogo mno kuweza kuua. Mvua na upepo vikikutana na njaa, vinaua popote.

Desturi mbili za huku zinaweza kufanyika huko bila gharama kubwa. Kwanza, katika wiki za kuzaa kuna mtu anayezunguka bandani usiku kila baada ya saa mbili au tatu, akiwa na tochi, iodini na chupa. Familia hupeana zamu, na anayelala hulala kwa amani. Pili, jike aliyezaa hutengwa na wanawe katika chumba kidogo, kama meta moja na nusu kwa moja na nusu, kwa siku moja au mbili, ili wajuane kwa harufu na sauti na ili mwana dhaifu asipotee kati ya miguu ya wengine. Ushauri wa ndugu wa Ukerewe kuhusu vyumba vidogo ni huohuo, nami naona ndio utakaookoa wana wengi kuliko kitu kingine chochote mtakachojenga.

Sasa kuhusu kuhamisha majira. Kondoo wa huku hutawaliwa na mwanga wa jua. Siku zinapofupika, baada ya Juni, ndipo miili yao inapojiandaa kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa na dume, na mkulima hana hiari kubwa. Anaweza kuchagua wiki ya kuingiza dume tu: akimwingiza tarehe 5 Novemba, wana wa kwanza wataanza kuzaliwa karibu na tarehe 1 Aprili. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, na mbuzi na kondoo wetu wa kienyeji wakila vizuri wanaweza kupata joto mwezi wowote. Hiyo ni nafasi ambayo wakulima wa huku wangeitamani. Mfugaji wa Sengerema anaweza kuuchagua mwezi wa kuzaa.

Ngitili (Magu)

Ninakubaliana na waliotangulia kuhusu dang'a na vyumba vya kuzalia, ila kuhusu kuhamisha majira naomba tusiende haraka. Tujiulize kwanza kwa nini majike wanazaa masika. Mvua za vuli zikianza Oktoba au Novemba, nyasi changa zinaota, majike waliokuwa wamekonda kwa kiangazi wanapata nguvu, wengi wanapata joto kwa pamoja, na dume yumo zizini mwaka mzima. Hesabu miezi mitano kutoka Novemba na Desemba, unaangukia Aprili na Mei. Utaratibu huo una faida yake, maana jike anayezaa Aprili ananyonyesha wakati majani ni mengi kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka.

Tukihamishia Juni, wana watazaliwa pakavu, hilo ni kweli, lakini Agosti na Septemba jike atanyonyesha huku nchi imekauka, na wana watakapoachishwa hawatakuta kitu cha kung'ata. Nimeona wana waliozaliwa kiangazi wakifikia miezi minne wakiwa wamedumaa, nywele zimesimama na matumbo makubwa. Aidha, mfugaji anayemwachia dume mwaka mzima anaweza kupata mizao mitatu katika miaka miwili, na akizuia dume hadi Januari ya kila mwaka anabaki na mzao mmoja kwa mwaka. Kwa familia inayouza mbuzi mmoja ili kulipa ada au matibabu, tofauti hiyo inaumiza.

Msimamo wangu ni kwamba asiye na ngitili, yaani malisho ya akiba yaliyofungwa, asihame. Mwenye eneo aliloliacha likaota nyasi tangu masika, akalifunga hadi Agosti, na mwenye mabua, marando yaliyokaushwa na mashudu ya akiba, huyo anaweza kuzalisha Juni na akafaidika. Wengine wabaki masika, waboreshe banda na wakeshe kwa zamu.

Kuna gharama moja ya masika ambayo naikubali wazi, nayo ni minyoo. Jike anapokaribia kuzaa na anapoanza kunyonyesha kinga yake dhidi ya minyoo hushuka, mayai ya minyoo huongezeka katika kinyesi, na unyevunyevu wa masika huyapokea kwa mikono miwili. Kwa wanaochunga karibu na madimbwi na matete ya ziwani kuna pia minyoo ya ini inayopitia kwa konokono. Mfunue jike kope ya chini: utando ukiwa mwekundu ana damu ya kutosha, na ukiwa mweupe hana damu na atatoa maziwa kidogo. Dawa ichaguliwe kwa ushauri, kwa kuwa albendazole, kwa mfano, haifai kwa jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba.

Mama Zizi (Sengerema)

Nawashukuru wote, na mzee wangu wa Misungwi shikamoo. Nimemsomea mama mkwe majibu yote na amefurahi kusikia kwamba majike kulishwa kabla ya kuzaa kunatangulia mabati. Tumekubaliana kwamba masika haya tutaanza na mfereji, kona iliyoinuliwa yenye vyumba vitatu, kipima joto na iodini, na mume wangu atachukua zamu ya alfajiri. Tuna eka moja na nusu mlimani ambayo tunaweza kuifunga iwe ngitili, hivyo wazo la Juni bado tunalitaka.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Huku tunachunga katika malisho ya wote, mifugo inachanganyika kuanzia asubuhi, na hata nikimfunga dume wangu nyumbani wa jirani atawapanda majike wangu. Nitafanyaje? La pili, kuna jike mmoja ambaye kila akizaa pacha humkubali mmoja na kumpiga pembe wa pili. Je, kuna namna ya kumlazimisha?

Mchungaji wa Mbali (Wales)

Nianze na huyo jike. Kwanza mkague kiwele. Jike mwenye uvimbe, jeraha au chuchu moja iliyoziba humfukuza mwana kwa sababu ya maumivu, na tiba yake ni ya kiwele. Kama kiwele ni kizima, mfunge kwa kamba fupi ndani ya chumba kidogo akiwa na chakula na maji mbele yake, asiweze kugeuka na kupiga, na wana wote wawili wanyonye mara nyingi mchana na usiku. Baada ya siku mbili au tatu maziwa yake yatakuwa yamepita katika miili ya wote wawili na harufu zao zitafanana, ndipo majike wengi hulegea.

Jike aliyefiwa na mwana anaweza kupewa yatima. Njia inayofanikiwa zaidi ni kumpaka yatima maji ya uzazi ya jike huyo mara tu anapozaa, kabla hajasimama. Na jike akiwa amezaa mfu, huku wakulima huchuna ngozi ya yule mfu na kumvika yatima kwa siku mbili tatu, hadi jike amzoee. Ila kama kuna dalili ya ugonjwa wa kutupa mimba, ngozi hiyo isiguswe.

Jike huyo akirudia hivyo hata baada ya kusaidiwa, mimi ningemuuza kwa nyama na nisingemwacha binti yake awe mbegu.

Afisa Mifugo Mstaafu (Misungwi)

Marahaba, Mama Zizi. Hoja ya ndugu wa Magu ni nzito na sitaipinga, ila kwa kuwa una eka moja na nusu ya kufunga, unaweza kujaribu na nusu ya majike badala ya wote. Nusu ibaki katika utaratibu wa zamani, na baada ya mwaka mtalinganisha wana waliofika umri wa kuachishwa katika kila kundi.

Kuhusu madume ya malisho ya pamoja, hakuna anayeweza peke yake. Zungumzeni katika kikao cha kitongoji, kwa sababu jirani naye anapoteza wana katika masika yaleyale. Madume yasiyo ya mbegu yahasiwe mapema, kwani mbuzi dume anaweza kupandisha akiwa na miezi minne au mitano tu, na wengi husahau kwamba kaka anawapanda dada zake. Kwa madume ya mbegu iko njia ya ndugu zetu Wamaasai: wanamfunga dume kipande cha ngozi ngumu chini ya tumbo, akachunga na wenzake siku nzima bila kuweza kupanda. Kikaguliwe kila jioni kisimchubue, na kisafishwe mkojo usije ukamuunguza. Jirani akikataa kabisa, majike wa lile kundi la majaribio wachungwe upande mwingine au wakatiwe majani nyumbani kuanzia vuli inapoanza hadi katikati ya Januari. Ni kazi, lakini ni ya miezi hiyo tu.

Dume aingie tarehe 15 Januari na atolewe mwisho wa Februari. Mbuzi hurudia joto kila baada ya siku 21 na kondoo kila baada ya siku 17, hivyo katika wiki hizo sita kila jike anapata angalau nafasi mbili. Wa kwanza mtarajie karibu na tarehe 14 Juni na wa mwisho mwishoni mwa Julai. Mashudu na pumba ziwe zimeshanunuliwa kufikia wiki ya kwanza ya Mei, na katika wiki hiyohiyo muulize afisa mifugo wako kuhusu chanjo ya majike, kwa kuwa kinga wanayopata wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ndiyo watakayowapa wana katika dang'a. Ngitili msiifungue kabla ya Agosti, hata nyasi zikiwavutia namna gani.